Vyuo visifunge mtandao wa mabweni gizani

Miongoni mwa mambo ambayo wakuu wa vyuo huyaamua faraghani, bila ya kumshauri mwalimu wala mwanafunzi, ni mtandao wa intaneti katika mabweni. Saa za kuuwasha na kuuzima, kurasa zitakazofunguka na zisizofunguka, na nani atakayehifadhi kumbukumbu za yale ambayo kila mwanafunzi ametazama, ni mambo yanayokatiwa shauri na watu wawili watatu katika ofisi moja. Mwanafunzi huja kuyafahamu usiku anapoketi na kompyuta yake kutafuta somo, na kioo kikamgomea.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba hili ni jambo dogo. Vyuo vyetu vina matatizo ya karo, ya maji, ya vitanda visivyotosha na ya mishahara ya wahadhiri. Ya nini basi kupoteza wino kwa ajili ya waifai?

Jawabu ni kwamba intaneti si anasa tena. Kijana anayemaliza shule ya upili huomba nafasi ya chuo kupitia mtandao wa KUCCPS. Mikopo na ufadhili wa serikali huombwa mtandaoni. Mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu cha Shanzu, ambako kama katika vyuo vingine vya umma vya ualimu wa shule za msingi mafunzo ya stashahada yalianza mwaka 2021 kuchukua mahali pa cheti cha P1, atakapohitimu atasajiliwa na TSC kwa njia hiyo hiyo. Kumfungia mtu wa aina hii mtandao ni sawa na kumfungia maktaba, posta na dirisha la karani kwa pamoja.

Kinachoongeza uchungu ni mahali penyewe tunapopazungumzia. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na gharama yake ilikuwa ya kutisha. Mwezi Juni mwaka huo waya wa TEAMS ulifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na Julai ukafuatwa na ule wa SEACOM. Mwaka 2010 ukaja EASSy, na mwaka 2012 LION2 ukatua Nyali, mahali ambapo kabla ya uchaguzi wa 2013 palikuwa sehemu ya eneo bunge la Kisauni. Mwezi Februari mwaka 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilikata waya wa TEAMS, na mawasiliano yakazorota kutoka hapa hadi nchi jirani zisizo na bahari. Kwa maneno mengine, habari za Nairobi, Kampala na Kigali hupita chini ya miguu yetu. Lakini mwanafunzi anayelala kilomita chache kutoka ufuo huo huambiwa kwamba mtandao hautoshi. Ama kweli, penye miti hapana wajenzi.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu wakuu wa vyuo bila ya kuzisikiliza hoja zao, kwa sababu baadhi yake zina uzito. Wao husema kwamba njia waliyoilipia ni nyembamba na wanafunzi ni wengi, na kwamba vijana wachache wanaopakua filamu usiku kucha huwanyima wenzao hata nafasi ya kusoma barua pepe. Husema pia kwamba mzazi aliyemleta binti au mwana wake kutoka Lungalunga au Garsen hakumleta aje kutazama picha za uchi na kucheza kamari. Na katika eneo hili, ambako mitaa ya Likoni na Kisauni imewahi kupoteza vijana kwa washawishi wa itikadi kali, mkuu wa chuo asiyekuwa na hofu ni mkuu asiyejua anapoishi.

Hoja ya kwanza ni ya wingi, na zilizosalia ni za maadili na usalama. Kosa kubwa linalofanyika ni kuzichanganya na kuzitibu zote kwa dawa moja, nayo ni kufuli.

Tuitazame hoja ya wingi. Kila mkazi wa Likoni anajua kivuko kinavyofanya kazi. Nafasi ni moja, na wanaotaka kuvuka ni wengi. Kwa sababu hiyo zimewekwa kanuni ambazo hata mtoto anazifahamu: anayevuka kwa miguu halipi, gari hulipa kulingana na ukubwa wake, na lori hungoja zamu yake. Askari hukagua mizigo kwa ajili ya usalama. Lakini hakuna anayemuuliza abiria anakwenda kumwona nani ng'ambo ya pili, na hakuna anayemrudisha kwa sababu safari yake si ya maana. Kivuko hugawa nafasi, hakigawi safari.

Mtandao wa bweni waweza kuendeshwa vivyo hivyo. Mitambo ya leo ina uwezo wa kumgawia kila mtumiaji kipimo chake, kuyapa masomo nafasi ya mbele mchana, na kuyasukuma mafaili makubwa hadi saa za usiku wa manane. Haihitaji kujua kama faili hilo ni filamu ya Bollywood au ni mhadhara wa hisabati. Anayetaka kumaliza kipimo chake kwa mpira wa Uingereza na akimalize. Kesho atajifunza kuweka akiba.

Vyuo vya ng'ambo vimeipitia njia hii zamani. Mapema mwaka 2000, wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakiishi mabwenini walikuwa wakibadilishana nyimbo kwa programu ya Napster, na vyuo vingi vikashtuka kuona nafasi ya mtandao ikimezwa. Chuo Kikuu cha Indiana kiliifunga programu hiyo mwezi Februari. Wanafunzi walipinga, na mwezi Machi chuo kikaifungua tena baada ya kupata njia ya kuupunguza mzigo bila ya kuwafungia watu. Mwezi Aprili bendi ya Metallica ilipoishtaki Napster pamoja na vyuo kadhaa, Indiana ikiwa mojawapo, ndipo programu ilipofungwa upya. Tazama tofauti hiyo. Palipokuwa na tatizo la wingi, ufundi ulitosha. Palipokuwa na madai ya kuvunjwa kwa sheria, sheria ndiyo iliyotajwa, na kila mwanafunzi alizijua sababu.

Desturi ya kuuzima mtandao wa mabweni usiku nayo haina hesabu nzuri. Kwa kawaida chuo hakinunui intaneti kwa kila ukurasa kama mtu anayenunua bando la simu. Hununua upana wa njia kwa mwezi mzima. Iwe njia hiyo imetumika au imelala, malipo ni yale yale. Ofisi zinapofungwa na wahadhiri wanapokwenda nyumbani, njia hubaki wazi kuliko wakati mwingine wowote. Kuizima saa tano ya usiku kwa kisingizio cha uhaba ni kumwaga maji uliyokwisha kuyalipia, kisha ukalalamika kwamba kisima kimekauka.

Isitoshe, mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha alfajiri haachi kuitafuta intaneti kwa sababu imezimwa bwenini. Mwenye fedha hununua bando na kuendelea kitandani mwake. Asiyekuwa nazo hutoka nje. Wakazi wa Kisauni na Likoni hawahitaji kuelezwa maana ya kijana, na hasa msichana, kutembea usiku na kompyuta mkobani katika mitaa ambayo magenge ya vijana wenye mapanga yamewahi kuihangaisha. Ikiwa chuo kinasema kwamba kinamlinda mwanafunzi, basi kisimsukume nje ya lango.

Hapa ndipo lilipo dhara la msingi ambalo wakuu wa vyuo hawaliangalii. Kizuizi cha bwenini hakimzuii kila mtu; humzuia maskini. Mwana wa tajiri ana mtandao wa pili mfukoni mwake. Yule aliyelipiwa karo kwa mchango wa kijiji hana ila ule wa chuo. Wawili hawa huketi darasa moja, hufanya mtihani mmoja, lakini mmoja amesoma usiku kucha na mwingine amelala kwa lazima. Elimu iliyokusudiwa kuwasawazisha inawatenganisha kwa waya.

Tugeukie sasa maadili na usalama. Mitambo ya kuchuja kurasa haina akili ya mwalimu. Nyingi kati yake huhukumu kwa maneno na kwa orodha zilizotungwa mbali. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza kujisajili, kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mlikuwa na herufi zinazounda tusi. Vichujio vya leo ni vyerevu zaidi, lakini hulka ni ile ile. Mwanafunzi wa uuguzi katika kampasi ya KMTC ya Port Reitz hana budi kusoma juu ya matiti, uzazi na maradhi ya zinaa. Mwanafunzi wa dini au wa historia hana budi kusoma juu ya jihadi na vita vya msalaba. Mwanafunzi wa ualimu hana budi kujua jinsi watoto wanavyonaswa na walaghai. Chujio linaloogopa maneno haya humnyima elimu yule anayeihitaji zaidi, ilhali mshawishi mwenyewe hategemei waifai ya chuo. Yeye humfikia kijana kwa simu, barazani na uwanjani.

Baya kuliko kufunga ni kufunga kwa siri. Walimu wa umri wa makamo wanakumbuka enzi ambapo machapisho yalipigwa marufuku nchini, kama lilivyopigwa jarida la Nairobi Law Monthly mwaka 1990. Ulikuwa wakati mbaya, na hakuna anayeutamani. Lakini hata wakati huo marufuku ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Msomaji alijua ni chapisho gani limekatazwa, na aliyekuwa na ujasiri aliweza kwenda mahakamani kupinga. Orodha ya kurasa zilizofungwa mabwenini haibandikwi popote. Ukurasa hukataa tu, na mwanafunzi hudhani kwamba mtambo umeharibika au kwamba habari anayoitafuta haipo duniani. Huo ni ujinga wa aina mpya, ambao mwenye nao hajui kwamba ameupewa.

Tulionjeshwa mfano wake kitaifa. Mwezi Novemba mwaka 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Mamlaka ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za simu ziifunge Telegram saa za mtihani ili kuzuia uvujaji wa karatasi. Nia ilikuwa njema, kwani wizi wa mitihani ni kansa. Lakini mwalimu aliyekuwa na darasa lake huko, mfanyabiashara aliyekuwa na wateja wake huko, na mtahiniwa ambaye hakuwahi kuiba lolote, wote walitiwa katika kapu moja na mwizi. Mwezi Mei mwaka 2025, kufuatia kesi ya mashirika ya kutetea haki, Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kuzuia mawasiliano ya intaneti yasivurugwe nchini. Adhabu ya jumla ni rahisi kuitoa, ni vigumu kuitetea.

Sheria nayo haikunyamaza. Wanafunzi wengi wa vyuo ni watu wazima wenye kitambulisho na kura, si watoto wa bweni la shule ya msingi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano yao. Kifungu cha 33 kinawapa uhuru wa kutafuta na kupokea habari. Kifungu cha 47 kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze anazikusanyia nini, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Chuo kinachoandika kila ukurasa unaofunguliwa bwenini, kikanyamaza, kijiulize kama kiko upande gani wa sheria hizi.

Kuna jambo jingine ambalo linawahusu walimu moja kwa moja. Mwanafunzi aliyefungiwa hatulii. Hutafuta programu za VPN za kukwepea kizuizi, na kwa kuwa hana fedha, huchukua zile za bure ambazo hajui zinaendeshwa na nani. Nywila zake na barua zake hupitia kwa mtu asiyemjua. Chuo kilichotaka kumkinga na hatari kimemkabidhi kwa hatari nyingine, na juu ya hayo kimemfunza kwamba kanuni ni kitu cha kukwepwa. Kesho kijana huyo atakuwa mwalimu wa Mtongwe, Mishomoroni au Miritini, na mbele yake wataketi watoto wenye simu. Atawafunza nini? Aliyelelewa kwa kufuli hajui chombo kingine cha kulelea ila kufuli.

Kinyume chake tumekiona pia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Wakenya waliokuwa wakisoma Marekani walitumia mitandao ya vyuo vyao kupashana habari za nyumbani. Kutokana na mazoea hayo, mwaka 1994 Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno walianzisha Africa Online, mojawapo ya kampuni za kwanza kuwauzia wananchi wa kawaida intaneti barani Afrika. Lau wangekuta mitandao ya vyuo imefunguliwa kwa ajili ya masomo ya darasani tu, mchezo huo wa wanafunzi ungaliitwa upotezaji wa wakati na ungaliishia hapo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mara nyingi vimeundwa usiku, bwenini, na mtu ambaye hakuwa ametumwa.

Basi vyuo vifanye nini? Kwanza, viugawe mtandao kwa kipimo na kwa saa, wala visiugawe kwa kuchagua yapi yasomwe. Kila mwanafunzi apewe fungu lake, na fungu la usiku liwe kubwa kuliko la mchana. Pili, lile linalofungwa lifungwe kwa sababu ya sheria au usalama wa mitambo, liandikwe, libandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na sababu yake, na pawe na mtu anayeweza kulalamikiwa na kujibu katika muda mfupi. Tatu, wawakilishi wa wanafunzi na wa wahadhiri waketi katika kamati inayoamua mambo haya. Nne, kumbukumbu za matumizi zifutwe baada ya muda unaojulikana, na zisifunguliwe pasipo tuhuma maalumu.

Tano, vyuo viutumie ufundi ambao ni rahisi kuupata. Mihadhara na vitabu vinavyosomwa na wengi vyaweza kuwekwa katika seva ya chuo, visivutwe kutoka ng'ambo kila mara. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia nzima huweza kuhifadhiwa ndani ya diski moja na kusomwa bila ya intaneti kabisa. Mtandao wa KENET, ambao ulianzishwa mwaka 1999 ili kuunganisha vyuo na taasisi za utafiti nchini, hutoa pia huduma ya eduroam, ambayo humwezesha mwanafunzi wa chuo mwanachama kutumia kitambulisho kile kile katika chuo kingine. Wanafunzi wengi wa upande huu wa bara hawana nafasi mabwenini, hupanga vyumba Bombolulu, Magongo na Mikindani. Vyuo jirani vikishirikiana, kijana wa Kisauni hatalazimika kuvuka daraja la Nyali ili kupata mahali pa kusomea.

Wanafunzi nao wasidhani kwamba makala haya yamewaandikia hati ya kufanya wapendavyo. Anayemaliza nafasi ya wenzake kwa kupakua misururu ya filamu ni mnyang'anyi, hata kama hakuvunja kufuli. Anayecheza kamari kwa fedha za karo hatasaidiwa na kifungu chochote cha Katiba. Kanuni zikiwekwa hadharani na kwa ushauri wao, wajibu wao ni kuzitii na kuwaonya wenzao wanaozivunja, maana mwenye sauti katika kutunga kanuni hana udhuru wa kuikwepa.

Shida ya kibinadamu kama kamari au ushawishi wa itikadi kali hutibiwa kibinadamu: kwa mshauri anayefikika, kwa imamu na kasisi wanaokaribishwa chuoni, kwa mhadhiri anayejua majina ya wanafunzi wake. Kazi hii ni ngumu na ina gharama. Kubonyeza kitufe cha kufunga ni rahisi, na ndiyo sababu kitufe hupendwa.

Bodi za vyuo vya Mombasa, kuanzia kile cha kitaifa cha ufundi kilicho kando ya barabara ya Kisauni hadi vile vidogo vya Changamwe na Likoni, ziitishe orodha ya kurasa zilizofungwa mabwenini mwao na kuisoma mbele ya wanafunzi. Yale yatakayoweza kutetewa mbele ya kadamnasi na yabaki. Yale yatakayomtia msomaji wake haya yafunguliwe usiku huo huo.